Nani anapewa kiti mbele ya kamera?

Jioni ya tarehe 5 Septemba 2018, televisheni ya umma ya Waflamani kule Ubelgiji, VRT, ilipitisha filamu katika kipindi chake cha uchunguzi, Pano. Kichwa cha filamu kilikuwa swali: Wie is Schild & Vrienden echt? Ndiyo kusema, hawa Schild & Vrienden ni watu gani kwa kweli? Mpaka siku ile kikundi chao kilijulikana kama cha vijana safi. Wanafunzi wa chuo kikuu, shati zimepigwa pasi, nywele zimechanwa, maneno ya adabu juu ya mila na utamaduni wa nchi yao. Kiongozi wao, Dries Van Langenhove, alikuwa amechaguliwa na wanafunzi wenzake aingie katika baraza la uongozi la Chuo Kikuu cha Gent. Kuna mama wengi wangemutaka kama mukwe.

Mwandishi wa habari Tim Verheyden na wenzake hawakutegemea yale ambayo kijana yule alikuwa anasema kwenye mikrofoni. Walipata njia ya kusoma vikundi vya siri vya Facebook na Discord, kule ambako hawa vijana walikuwa wanaongea wao kwa wao. Mle ndani adabu ilikuwa imekwisha. Kulikuwa vipicha vya mzaha juu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, juu ya wanawake, juu ya Waislamu, juu ya watu weusi na watoto wa Afrika wenye njaa. Kulikuwa na mazungumzo juu ya silaha. Aliyeangalia filamu hakuhitaji profesa wa kumfasiria.

Mutauliza: vijana wa hapa Kivu, wenye matatizo yao ya maji na usalama, wanatafuta nini katika filamu ya Waflamani? Tunahusika, wandugu. Wiki chache kabla ya filamu ile, mu Agosti 2018, kwenye tamasha kubwa la muziki la Pukkelpop karibu na Hasselt, wasichana wawili weusi walisumbuliwa na vijana wazungu waliokuwa wanaimba juu ya kukata mikono, wanaimba kwamba Kongo ni yao. Musome tena tarehe. Si 1898. Ni vijana wa umri wetu, wenye simu kama zetu, miaka 110 baada ya Leopold wa Pili kunyang'anywa nchi aliyoiita mali yake. Hatusemi wale waimbaji walikuwa wanachama wa kikundi cha Gent. Tunasema kwamba hakuna anayeamka asubuhi moja akaanza kuimba mambo ya mikono ya watu. Kuna mahali alizoea kucheka nayo kwanza.

Ndiyo sababu tumeanza kuangalia hizi filamu, moja kisha ingine. Kazi hakuna, muda uko. Kinachokosekana ni mega na umeme, kwa hiyo mwenye kupata anapakua, anatia kwenye flash, flash inatembea kartye mpaka kartye. Sisi wote tuko na diploma za chuo kikuu. Mmoja wetu alimaliza sheria, mwingine sosholojia, wengine mambo ya maendeleo vijijini, na mchana tunaonana palepale chini ya mti. Tumebishana sana. Tunaandika hapa yale ambayo tumekubaliana, na pia yale ambayo tungali tunavutana.

Tuanze na ile iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote. Mu Agosti 2017, siasa kali za kulia za Marekani zilikusanyika Charlottesville, jimbo la Virginia. Walikuwa watu waliojuana kwanza kwenye intaneti, kila mtu nyuma ya jina la uongo, sasa wanataka kuonana uso kwa uso. Mwandishi Elle Reeve wa Vice alikuwa nao na kamera. Usiku wa tarehe 11 wanatembea na mienge, wanapiga kelele dhidi ya Wayahudi. Siku inayofuata mmoja wao anaingiza gari katika watu waliokuwa wanawapinga, na Heather Heyer, mwanamke wa miaka 32, anakufa. Mwisho wa filamu, Christopher Cantwell, mmoja wa wasemaji wao, yuko katika chumba cha hoteli, anatoa bunduki moja moja na kuzitupa kitandani, na anasema kifo kile kilikuwa cha haki. Reeve hapigi kelele. Anauliza, ananyamaza, anamwacha mtu ajifungue mwenyewe.

Ile filamu ilipata zawadi kubwa, na hatusemi haikustahili. Lakini muangalie yaliyofuata. Siku chache tu, Cantwell alijirekodi akilia machozi juu alisikia polisi wanamtafuta, na dunia nzima ikacheka. Akawa kichekesho. Watu walitembeza ile video ya machozi wakaenda kulala na moyo mweupe: kumbe ni waoga, kumbe ni wajinga, mambo yamekwisha. Na ile kazi yenyewe, nani alikodi mabasi, nani alipanga mienge, nani alifundisha watu waje na ngao, ikabaki gizani.

Iliyotoa ile kazi gizani si sura ya Cantwell. Ni mazungumzo ya Discord, ambayo kikundi cha wanahabari huru, Unicorn Riot, kiliyapata na kuyaweka wazi. Mle ndani walipanga safari, mavazi, vitu vya kupigania. Na walifanyia mzaha jambo la kuingiza gari katika waandamanaji, kabla ya siku yenyewe. Kabla! Watu tisa walioumizwa waliyapeleka maneno yale mbele ya mahakama, na mu Novemba 2021 baraza la wazee wa mahakama likaamua waliopanga walipe zaidi ya dola milioni 25. Kiasi hicho kilipunguzwa baadaye na jaji, lakini vikundi vingi vya siku ile vilikuwa vimekwisha kuvunjika vikilipa maavokati. Kilio cha Cantwell kilitupatia kicheko cha wiki moja. Maandishi ya siri yalipatia walioumizwa kesi.

Tunalotaka kusema juu ya filamu hizi ni hili. Filamu juu ya watu wa chuki inasaidia inapotuonyesha kazi yao: wanakutana wapi, pesa inatoka wapi, mtoto wa miaka 16 anaingiaje, nani anaumia. Inapotuonyesha paka sura yao, na kiti chao, na paka wao analala sofani, inawafanyia kazi yao.

Tumuchukue Louis Theroux, Mwingereza ambaye wengi wetu tunamupenda, tusidanganyane. Kazi yake ni kukaa na watu wagumu, kuuliza kama mtoto asiyejua, na kungoja. Mu 2003 alienda kukaa na Tom Metzger kule California, mzee wa wabaguzi, na namna ile ilikuwa na maana. Metzger alikuwa mtu wa kanda za video na gazeti dogo. Kamera ya BBC ndiyo iliyokuwa na nguvu, yeye hakuwa nayo. Mu 2022 Theroux alirudi na Extreme and Online, safari hii kwa vijana waliokulia ndani ya simu. Mmoja ni Nick Fuentes. Huyu hangoji mtu wa BBC. Yuko na kamera yake nyumbani, anarusha moja kwa moja, watazamaji wanamtumia pesa wakati anaongea. Mtu kama huyo ukienda kwake na kamera yako, mko wawili mnaorekodiana. Aibu ambayo Theroux anaitafuta kwa kunyamaza, kijana hana, juu kila dakika ya aibu ni watazamaji wapya. Mu Novemba mwaka uleule Fuentes alikuwa mezani Mar-a-Lago, anakula na Donald Trump na Kanye West. Hatusemi filamu ilimvutia kiti pale mezani. Tunasema haikumpunguzia kitu.

Iko ingine, White Noise, ya 2020, ya Daniel Lombroso, mjukuu wa mama aliyeokoka mauaji ya Wayahudi. Lombroso alifuata watu watatu kwa miaka: Richard Spencer, Mike Cernovich na Lauren Southern. Sehemu yetu ya kwanza ya kupenda ni wakati siasa inageuka biashara, Cernovich anauza vidonge na vitu vya kutunza mwili. Pale tulicheka kweli, juu tunajua wachungaji wa namna ile hapa kwetu. Lakini baada ya kucheka, mmoja wetu aliuliza swali ambalo hatukuweza kujibu: ni dakika ngapi katika filamu hii ambapo tunamwona mtu ambaye maneno yao yalimletea matatizo? Tulirudisha nyuma. Ni chache sana.

Kuna filamu moja inayotupinga, na tutaisema kwa haki yake. White Right: Meeting the Enemy ya Deeyah Khan, ya 2017. Huyu mama alizaliwa Norwe, wazazi wake wametoka Asia ya Kusini, ni Mwislamu. Kisha kusema kwenye televisheni ya Uingereza kwamba nchi ile haitarudi kuwa ya wazungu peke yao, alimwagiwa vitisho vya kuuawa kwenye intaneti. Akaamua kwenda kukaa na watu wa namna ile uso kwa uso, Marekani. Alikaa na Jeff Schoep, mkubwa wa chama kikubwa cha Wanazi cha kule. Alimsomea vitisho alivyopata. Alimuuliza: hata mimi? Miaka miwili kisha, Schoep alitoka katika chama, na yeye mwenyewe amesema mazungumzo na Deeyah Khan, na mengine na Daryl Davis, mwanamuziki mweusi, yalichangia. Wengine waliokuwa ndani ya filamu pia walitoka.

Hapo tunavutana. Baadhi yetu wanasema: munaona, kuongea kunaokoa. Wengine, na anayeandika mistari hii ni mmoja wao, wanaona jambo lingine. Katika filamu ya Khan, aliyechukiwa hayuko kivuli cha nyuma. Anakaa katika kiti cha pili, ndiye anayeuliza, na vitisho vyake vinasomwa kwa sauti. Kamera inaonyesha sura yake inavyobadilika. Ndiyo maana filamu ina nguvu. Lakini hatupendi inapotumiwa kama dawa ya kila mtu. Wazungu wema wanatutumia: angalieni, muwakaribishe wanaowachukia, watabadilika! Kwa nini mzigo wa kuponya mwenye chuki uwe juu ya mgongo wa anayechukiwa? Khan alichagua. Wale wasichana wa Pukkelpop walienda kusikiliza muziki.

Sasa jambo linalotuuma zaidi. Karibu kila filamu ya namna hii iko na sehemu ya utoto. Muziki unashuka, tunaonyeshwa picha za zamani, kijana anasema baba aliondoka, hakuwa na marafiki shuleni, alikosa kazi, akajifungia chumbani na kompyuta. Tunaelewa. Lakini mutusamehe. Sisi ambao tunaandika hapa tumemaliza chuo kikuu, tumepeleka maombi ya kazi mpaka viatu vimetoboka, ofisi moja ilituitisha mtihani na kumbe nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu zamani. Tunalala kwa wazazi tukiwa na miaka 26. Kama ukosefu wa kazi ungekuwa unatoa Wanazi, Kivu nzima ingekuwa inatembea na mienge. Upweke unaweza kumfungulia mtu mlango. Lakini kuna mtu aliyesimama ndani ya ule mlango akimngoja, na huyo ndiye tunataka kamera imtafute.

Na utoto huu haugawanywi kwa usawa. Mu Machi 2012 video moja ya Wamarekani, Kony 2012, ilitazamwa mara milioni 100 katika siku sita. Ilikuwa juu ya Joseph Kony na jeshi lake la LRA, ambalo liliua watu wetu kule Haut-Uele. Mu Desemba 2009 peke yake, katika eneo la Makombo, waliua zaidi ya watu 300. Mukumbuke nani anapata nafasi katika ile video: mtengenezaji filamu na mtoto wake mdogo wa kiume, ambaye anaelezwa kwamba huyu ni mtu mbaya. Watu wa Makombo hawakuwa na nafasi ya kusema neno. Kwa hiyo, muuaji wa Afrika ni mtu mbaya, basi, hana utoto wa kuulizwa. Mchukiaji wa Ulaya au Marekani ni kijana aliyepotea njia, tumsikilize. Hatuombi Kony apewe muziki wa huzuni. Tunaomba pande zote mbili waliouawa na walioumizwa wapewe dakika zao.

Kule Nyuzilandi walilielewa hili haraka. Tarehe 15 Machi 2019, mtu mmoja aliua watu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch. Alijitia kamera kichwani na kurusha mauaji kwenye Facebook kwa dakika 17. Alitumia maneno ya mzaha wa intaneti ili wenzake wacheke. Yaani alitengeneza filamu yake mwenyewe, akijua wenzake wataitembeza. Na wakaitembeza: katika masaa 24 ya kwanza Facebook iliondoa nakala milioni moja na nusu. Maandishi aliyoyaacha yalichukua kichwa kutoka kwa Renaud Camus, mwandishi Mfaransa aliyetangaza mu 2011 kwamba wageni wanachukua nafasi ya wenyeji wa Ulaya. Waziri mkuu Jacinda Ardern alisimama bungeni akasema hatataja jina la muuaji kamwe. Wengine walimuona anafanya kama mtoto anayefunika macho. Sisi tunaona alijua vizuri mtu yule alikuwa anatafuta nini. Hata hapa, hamtasoma jina lake.

Filamu iliyotufundisha namna mzaha unavyofanya kazi haiko hata na Nazi mmoja kwenye kiti cha heshima. Ni Feels Good Man, ya 2020, ya Arthur Jones. Inamhusu Matt Furie, msanii mpole, aliyechora chura mmoja wa kuchekesha anayeitwa Pepe. Watu wa 4chan wakamchukua yule chura, wakambadilisha kidogo kidogo, siku moja akavaa nguo za Wanazi, na mu 2016 akawekwa katika orodha ya alama za chuki. Filamu inamfuata mwenye chura, aliyeibiwa, akijaribu kumrudisha. Kupitia kwake tunaona ngazi nzima: kwanza inachekesha, kisha inachekesha na kuudhi, kisha ukiudhika wewe ndiye mjinga usiyejua mzaha, kisha hakuna mzaha tena.

Ile ngazi tunaijua. Hatukuhitaji Wamarekani kwa hili. Ngambo ya ziwa, mu 1993 na 1994, redio RTLM ilipendwa juu ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wachekeshaji, na mu Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa wake. Na leo, hapa kwetu, ni mangapi ya odio za WhatsApp zinazotembea kwa Kiswahili, kwa Kilingala, zikihesabu pua za watu na urefu wao, zikisema huyu si Mkongomani, huyu arudi kwao? Vita ya mashariki ni ya kweli, wanaotushambulia ni wa kweli, wafu wetu ni wa kweli, na hatutanyamaza juu yao. Lakini mama muuza samaki mwenye uso fulani hakutuma jeshi. Ukimuuliza aliyetuma odio, atakujibu: "Eh ndugu, ile ni ya kucheka tu, musikasirike bure." Maneno yale yale ya Gent. Tofauti ni kwamba kwetu, kati ya mzaha na fimbo, mara zingine hayapiti hata masaa mawili.

Tunaleta haya yote juu timu moja ya watengenezaji filamu kutoka Ulaya imetuandikia. Wanataka kufanya filamu juu ya chuki ya kwenye simu katika Kongo ya mashariki, na wanaomba tuwaunganishe na kijana mmoja ambaye odio zake zinajulikana sana mjini. Wanataka "kuelewa safari yake". Wanataka kumrekodi nyumbani, kwa mama yake, sokoni, kwenye kanisa. Wanalipa usafiri. Hatutataja jina lao, na la kijana pia.

Tulikutana mara mbili juu ya barua yao. Wenzetu wengine walisema tukubali tu, dunia ijue. Tulijibu kwa mfano wa Ubelgiji, juu ule mfano hauko mwepesi. Kisha filamu ya Pano, chuo kikuu kilimsimamisha Van Langenhove, na parke ikafungua dosye. Lakini mu Mei 2019, hata mwaka haujaisha, alichaguliwa mbunge kwenye orodha ya chama cha Vlaams Belang. Filamu nzuri namna ile, yenye ushahidi, na bado watu walimpigia kura. Wengine bila shaka waliona filamu ndiyo iliyomtangaza. Ilibidi kungoja mpaka Machi 2024 mahakama ya Gent imuhukumu mwaka mmoja wa kifungo na kumnyang'anya haki za kiraia kwa miaka kumi, na akakata rufaa. Miaka mitano na nusu kati ya filamu na hukumu, katika nchi yenye parke inayofanya kazi! Hapa kwetu ile miaka itakuwa mingapi? Na kijana wetu, kisha kuonekana kwenye televisheni ya Ulaya, atakuwa nani kwenye kartye? Wale ambao aliwataja katika odio zake wanaishi avenyu mbili tu kutoka kwake. Timu itapanda ndege. Wao watabaki.

Kwa hiyo tumewajibu hivi. Tutawasaidia, bure, bila kuomba hata bei ya usafiri, wakianza na familia zilizohama juu ya zile odio, kama familia zenyewe zinakubali, na sura zao zikifichwa wakitaka. Wafuate odio yenyewe: nani aliitengeneza, ilipita katika vikundi gani, nani aliweka pesa, mwanasiasa gani aliirudia kwenye mkutano kesho yake. Kijana wakimuhitaji, wamuulize juu ya kazi ile, na si juu ya utoto wake, na mtu wa familia iliyohama awe na haki ya kusikia majibu na kujibu kabla filamu haijafungwa. Na filamu ionyeshwe hapa kwanza, kwa Kiswahili, kabla ya tamasha zao.

Barua imeenda Jumanne. Jibu halijafika. Likifika, la ndiyo au la hapana, tutalitangaza hapa hapa. Mwenye flash ya filamu ya Pano yenye maandishi ya Kifaransa, atuletee tuitazame tena pamoja Jumamosi saa tisa, palepale chini ya mti, kama umeme utakuwa.